Safu ya Maua Nyuma ya Jiko

Katika hoteli ya Shanzu ninakotandika vitanda, kuna safu ya maua ya njano kando ya njia ya kuteremkia ufuoni. Kuna mtu ameajiriwa kuyamwagilia maji asubuhi na jioni. Pamechomekwa na kibao cha mbao, kimeandikwa jina refu la kigeni ambalo huyo mmwagiliaji mwenyewe hawezi kulitamka. Wageni huyapiga picha. Juzi bibi mmoja wa Kizungu aliniomba nisimame hapo na mashuka yangu mikononi, anipige picha na maua. Nikasimama, nikacheka, na moyoni ninawaka moto. Maana mti huo huo, jani kwa jani, kwetu Junda, huko Kisauni, uliitwa magugu, ukafyekwa mchana kweupe, na aliyeufyeka akataka tumshukuru.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Lakini hili ninalosimulia, hata mpole angepandwa na mori.

Mti wenyewe wengi mnaujua, ila hamjui kama mnaujua. Wengine huuita alizeti mwitu. Unapita kimo cha mtu, majani yake ni mapana yenye ncha kama vidole, machungu hata mbuzi huyaonja mara moja akafikiria. Ua lake ni kama la alizeti ndogo, sawa na kiganja cha mtoto. Kiangazi cha kaskazi kikija, mchicha ukanyauka na nyasi zikawa za kahawia, wenyewe hubaki na kijani chake. Mama alikuwa akichemsha majani yake tukiumwa na tumbo. Aliyafukia kwenye matuta ya mchicha yawe mbolea, na kuku akilalia mayai alimtandikia ili utitiri usimle. Ndege chozi walikuwa hawatoki pale. Mti gani mwingine utakufanyia hayo yote bila kuuomba? Lakini ndiyo hivyo, asiyekujua hakuthamini.

Sasa nieleze kwa nini tulikuwa na safu ya miti hiyo nyuma ya jiko, na si minazi, na si miembe kama watu wengine.

Shamba tulilokuwa tukikaa halikuwa letu. Lilikuwa la ukoo mmoja wa kisiwani Mombasa, na sisi tulikuwa na kile kinachoitwa hapa kwetu nyumba bila ardhi. Nyumba yako, udongo si wako. Wazazi wangu walitoka bara, upande wa Kaloleni, wakaonyeshwa mahali na msimamizi wa shamba. Huyo bwana alikuwa na baiskeli na mwavuli mweusi, na sheria zake alizisema kama anayesoma aya. Jenga kwa udongo, ezeka kwa makuti. Panda mihogo, panda kunde, panda mchicha. Mnazi marufuku. Mwembe marufuku. Mkorosho marufuku. Kaburi marufuku.

Msomaji wa mbali atashangaa, mwembe una kosa gani? Kosa lake ni kuishi. Mti wa kudumu ni ushahidi. Ukiupanda ukakua, kesho utasema, tazameni, mimi niko hapa tangu huu ukiwa mche. Na kaburi ndiyo kabisa, mtu aliyemzika wake mahali haondoki kwa kuambiwa ondoka. Kwa hiyo tuliruhusiwa kula lakini tusikae, kama kuku wa jirani.

Majirani wengine walikuwa wajanja. Walipanda mwembe nyuma ya choo, msimamizi akija wanasema umejiotea, kokwa limetupwa na watoto. Mama yangu hakuwa na ujanja huo. Aliambiwa mwembe marufuku, akatii. Kokwa likiota kwetu aling'oa kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikilia kwa sababu nilitaka maembe. Ee Mungu, mwanamke yule alivyotii!

Alivunja sheria mara moja tu.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alijifungua mtoto wa kiume wakati wa masika, mvua ile ya kunyesha wiki mbili mfululizo. Mtoto aliishi siku nane. Kwetu mtu mzima akifa alibebwa akazikwe bara, na baadaye baba tulimbeba hivyo hivyo. Lakini mtoto mchanga huzikwa na wanawake, nyumbani, pasi na kilio kikubwa, na barabara ya bara wakati huo ilikuwa imekatika kwa maji. Wakakaa wanawake watatu jikoni, mama, bibi yangu na mkunga wa mtaa, wakasemezana kwa sauti ya chini. Kisha bibi akachukua jembe.

Mimi nilitumwa maji. Niliporudi na ndoo yangu niliwaona nyuma ya jiko wamepiga magoti. Mama alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa leso yake nyekundu, ile aliyokuwa akiipenda. Aliniona. Jioni aliniita.

"Umeona nini leo?"

"Abee?"

"Nimekuuliza, huko nyuma ya jiko umeona nini?"

Nikamtazama, nikaelewa jibu analolitaka. "Sikuona kitu, mama."

"Vizuri," akasema, akanipa kipande cha muhogo.

Wakati huo mama alikuwa akifanya vibarua vya bustani huko huko Shanzu, hoteli nyingine ambayo sasa imebomolewa. Meneja alikuwa amechoka na maua ya njano, akaamuru yang'olewe yapandwe mengine. Ajabu ya dunia, leo wanayanunua. Arobaini za uzazi hazijaisha, mama akarudi kazini, na siku hiyo akaja na mzigo wa vijiti kichwani, vile vilivyotupwa. Akavichomeka ardhini nyuma ya jiko, kimoja kimoja, kwa hatua zake, kuanzia ukuta wa jiko hadi njia ya kwenda chooni. Mti huu hauhitaji mizizi, kijiti kikikaa kwenye udongo wenye unyevu kinaota. Baada ya miezi michache tukawa na ukuta wa kijani wenye maua, na mahali pale palipofukuliwa pakapotea ndani ya safu.

Msimamizi alipokuja na mwavuli wake alisimama akatazama. "Hii nini?"

"Maua tu, bwana. Magugu. Ya kuzuia vumbi lisiingie jikoni."

Akakata ua moja akalitia kwenye tundu la shati, akaenda zake. Mama akaingia ndani akakaa chini.

Ndivyo tulivyokaa karibu miaka arobaini. Bibi akafa, mkunga akafa, baba akafa. Msimamizi naye akafa, na yeye, nimelisikia kwa watu waliokwenda kuzika, amelala kwenye kaburi la marumaru lenye jina na tarehe zote mbili. Mama hakuzungumza habari ya mtoto yule hata siku moja. Sikuwahi hata kujua kama alipewa jina. Ila kila mwaka masika yakianza, alipunguza matawi ya miti ile kwa panga, akafagia chini yake kwa mkono, si kwa ufagio.

Kisha dunia ikageuka. Pakaitishwa baraza kwenye uwanja wa shule, tukaambiwa serikali imelichukua shamba kutoka kwa wenyewe, na sasa wakaaji watapimiwa wapewe hati. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilimkumbatia mama hadi akaniambia nimwache anapumua kwa shida. Halafu afisa mmoja akasimama kutoa maelekezo. Kila mtu, akasema, atapimiwa pale alipoendeleza. Wapima watatazama vitu vya kudumu, nyumba ya mawe, kisima, miti mikubwa kama minazi na miembe, makaburi. Pasipo na kitu cha kudumu patahesabiwa ni pori, na anaweza kupewa mwingine aliyepaendeleza.

Ala! Nilisimama katikati ya baraza. Niliuliza, "Mheshimiwa, hiyo miembe tulikatazwa. Msimamizi akiona mche tunafukuzwa. Sasa mnatuuliza miembe iko wapi?"

Akanijibu kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Mama, hayo ni ya zamani. Sisi tunatazama kilichopo."

Nikamwambia kilichopo kimetokana na hayo ya zamani, hakikushuka kwa mvua. Watu wakacheka, mwenyekiti wa kamati ya mtaa akaniomba niketi. Niliketi lakini sikutulia, wallahi. Mimi ni Mkristo, ila nimezaliwa Kisauni na wallahi imenikaa mdomoni, mchungaji ameshachoka kunikanya. Fikiria mwenyewe. Yule aliyedanganya akapanda mwembe nyuma ya choo, leo ni muungwana mwenye maendeleo. Mama yangu aliyetii amekuwa mtu aliyekaa porini miaka arobaini.

Sasa ingia jirani.

Jirani yetu wa nyuma alikuja miaka sita iliyopita, mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno laini. Alimkuta msimamizi hayupo tena, akajenga nyumba ya mawe yenye vyumba vya kupangisha. Kila Idi alituletea sahani ya pilau, na sisi Krismasi tukampelekea mahamri na kuku. Sina la kumsingizia, alikuwa akimwamkia mama vizuri kila asubuhi. Lakini wapangaji walipozidi, choo chake kikajaa, akaanza kutazama upande wetu. Siku moja alikuja akasimama mbele ya maua.

"Mama, hapa kwenye haya magugu yako ndipo panaponifaa mimi kuchimba shimo jipya la choo. Pana mteremko mzuri. Nitakujengea na wewe chumba cha kuogea, Mungu akipenda."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Mkono ukasimama. "Hapo hapafai, baba."

"Hapafai kwa nini?"

"Hapafai tu."

Akatabasamu, akadhani ni ukaidi wa kizee. Mimi nilikuwa mlangoni nikisikia yote. Shimo la choo! Juu ya mtoto wa watu! Alipokwenda nikamwambia mama tumwambie ukweli yaishe.

"Ukisema, watafukua," akasema. "Watakuja polisi waniulize nani alitoa ruhusa ya kuzika. Nitasema nini mimi? Nilikatazwa kaburi, nikazika."

"Mama, aliyekukataza amekufa!"

"Amekufa, lakini neno lake halijafa. Wewe nyamaza. Una kelele kama kiwanda cha kokoto."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote, na sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia watu waliomtia mwanamke hofu akiwa kijana, wakaenda zao kufa, na hofu ikabaki ikifanya kazi yao bure.

Wiki ya kupimwa ilipokaribia nilimpeleka mama zahanati kwa ajili ya magoti yake. Tuliondoka asubuhi, tukarudi kabla ya adhuhuri. Nilijua kuna kitu kabla sijafika, kwa sababu kutoka njiani niliona moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa jirani. Sikuwa nimewahi kuuona ukuta ule kutoka njiani tangu ulipojengwa.

Alikuwa ameifyeka safu yote. Yote, mti kwa mti, imebaki visiki vya kimo cha goti la mtoto. Matawi yalikuwa yamerundikwa pembeni na maua yake yakiwa bado wazi, nyuki wakizungukazunguka hawajui waende wapi. Na mbele ya visiki, kwenye udongo uliotifuliwa, ilisimama miche mitano ya miembe ya kubebeshwa, ile ya kununuliwa kwenye bustani za kando ya barabara kule Nyali. Mmoja bado ulikuwa na mfuko wake mweusi wa nailoni ukichungulia kwenye udongo. Hata kuuchana vizuri hakuchana, alikuwa na haraka ya kuendeleza!

Jirani akatokea anafuta jasho. "Mama, nimewasaidia kufyeka. Magugu yale yangewaletea nyoka. Na nimepanda miembe, itatufaa sote kwa kivuli."

Niliyomwambia siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia mwembe wa siku moja haumwondoi mtu wa miaka arobaini. Nilimwambia pilau yake ya Idi nitaitapika. Alikuwa akinijibu, "Punguza jazba, dada, punguza jazba," na kila akisema hivyo nami ndivyo jazba ilivyopanda. Nilikwenda kuushika mche wa kwanza niung'oe.

"Acha," akasema mama.

Hakuwa akimtazama jirani wala mimi. Alikuwa ametembea na fimbo yake mpaka katikati ya visiki, akasimama mahali fulani, akatazama chini. Udongo pale haukuwa umechimbwa, miche ilikuwa imepandwa hatua mbili mbele. Akavuta pumzi. "Niletee kiti," akasema. Akakaa hapo mpaka jua likamlazimisha kuingia ndani, na siku zote zilizofuata alikaa hapo hapo.

Wapima wakaja siku ya Alhamisi. Walikuwa watatu, mwenyekiti wa kamati, karani mwenye fomu zake kwenye ubao, na mpima mwenyewe, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye buti zenye matope na utepe wa chuma kiunoni. Binti yule alimwamkia mama shikamoo kabla ya kufungua mdomo kwa jambo jingine lolote. Nilimweka moyoni kwa hilo.

Karani akatazama akaona miembe mitano. "Hii ya nani?"

"Yangu," akasema jirani. "Kipande hiki nimekiendeleza mimi."

"Alhamisi iliyopita hapakuwa na mwembe hapa!" nikasema. "Tazama, mfuko wa nailoni bado umetoka. Huo mwembe umeendelezwa na nailoni yake?"

Mwenyekiti akakohoa kuficha kicheko. Lakini karani alikuwa mtu wa fomu. Akasema yeye haandiki ugomvi, anaandika vitu. Akamgeukia mama. "Bibi, wewe hapa una kitu gani cha kudumu?"

Nilimwona mama akizungusha fimbo mikononi, midomo yake imekauka. Pembeni pake lundo la matawi lilikuwa limeshanyauka, maua yamekuwa ya kahawia.

"Bibi?"

"Nilipanda maua," akasema.

"Maua si kitu cha kudumu," akasema karani, akainamisha kalamu. Nami nikaona inaelekea wapi. Nikaona shimo, nikaona zege, nikaona mabomba ya wapangaji. Nikasema.

"Pana kaburi hapo. Ndugu yangu amezikwa hapo."

Mama akafumba macho. Jirani akainua mikono juu. "Subhanallah! Miaka sita nakaa hapa, leo ndiyo nasikia kaburi? Kwa nini halikusemwa jana na juzi?"

Karani naye akatikisa kichwa. "Dada, kila anayetaka kiwanja siku hizi ana kaburi. Wiki iliyopita tumeonyeshwa kaburi la babu, kumbe la mbuzi. Hapa sioni saruji, sioni jiwe, sioni hata mwinuko. Mna shahidi? Kama hamna, hilo ni la kuomba kibali lifukuliwe, tuthibitishe."

Neno lile, lifukuliwe, ndilo aliloliogopa mama miaka yote, na mimi mwanawe ndiye niliyeliita. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimgeukia nikidhani atanilaani. Yeye alikuwa amejikaza kwenye fimbo anainuka, magoti yakilia. Nikataka kumshika, akaukataa mkono wangu. Akamwendea yule binti.

"Mwanangu, huo utepe wako unapima visiki?"

"Unapima chochote, bibi."

"Basi nipimie. Anzia jikoni. Kisiki mpaka kisiki."

Karani akatazama saa yake. Binti hakumtazama karani. Akachuchumaa, akanipa mimi ncha ya utepe niishike kwenye kisiki cha kwanza, akavuta hadi cha pili.

"Sentimita tisini," akasema. Akasogea. "Themanini na nane." Akasogea. "Tisini na moja. Tisini. Themanini na tisa."

Mama alikuwa akitembea kando yetu taratibu. "Ni hatua yangu," akasema. "Nilikuwa kijana. Nilipiga hatua, nikachomeka. Nikapiga hatua, nikachomeka."

"Tisini," akasema binti. "Tisini na mbili. Themanini na nane."

Tukafika pale alipokuwa akiweka kiti chake. Niliweka ncha ya utepe kwenye kisiki, binti akavuta, na utepe ukafika mapema. Akatazama. Akarudi nyuma akahakikisha vile ni visiki viwili na si matawi ya kimoja. Vilikuwa viwili, kila kimoja na shina lake.

"Hamsini na mbili," akasema.

"Pima tena," akasema mama.

Akapima tena. "Hamsini na mbili, bibi."

"Kimoja kichwani, kimoja miguuni," akasema mama. "Alikuwa wa siku nane."

Miaka yote ile nilikata majani pale, nikacheza pale, nikaanika nguo juu yake, na sikuona kwamba miti miwili ilikuwa imebanana. Binti yule alibaki amechuchumaa, kisha akauachia utepe ukajikunja polepole, akiuzuia kwa vidole usipige kelele.

Jirani alivua kofia. Nilimsikia akisema innalillahi kwa sauti ya ndani. Kisha akasema, "Mama, ungeniambia."

Lo! Hapo kokoto zangu zikarudi. "Alikuambia! Alikuambia hapafai! Ulitaka akuambie mara ngapi? Au neno la mama mzee mpaka lipimwe kwa utepe ndiyo liwe neno?" Mara hii hakusema nipunguze jazba. Aliinama akaanza kung'oa miembe yake mwenyewe, mmoja mmoja, na ule wenye nailoni ulitoka mzima na mfuko wake.

Binti akavuta kamba ya mpaka, akaipitisha nje kabisa ya visiki, upande wa jirani, akamwonyesha mwenyekiti mahali pa kuchimbia bikoni, yale mawe ya alama ya mpaka. Hapakuwa na mtu wa kubisha. Lakini karani, na hili sitamsamehe mpaka nife, alikuwa bado na fomu yake. Nadhani ni kazi tu, nadhani hakujua afanye nini na uso wake. Akasema, "Kitu cha kudumu. Kaburi, moja." Akaandika. Kisha akauliza, macho kwenye karatasi, "Jina la marehemu?"

Nilitaka kumwambia mtoto wa siku nane, aliyezikwa kwa kujificha, kwenye ardhi iliyokatazwa kaburi, huyo jina atalitoa wapi? Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mama akalitaja.

Alilitaja lote, la mtoto mwenyewe, la baba na la babu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtoto aje kula. Karani akamwomba arudie, akarudia. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia. Sitaliandika hapa. Limeandikwa kule, kwenye fomu yao.